Pengo la rutaili linanitoka 1.9, rasimu ni Ijumaa. Naomba ushauri

MtotoWaLikoni: Salaam aleikum waungwana. Nasomea uzamili wa fizikia hapa Mombasa. Natafiti kwa kompyuta rutaili, dioksidi ya titani ile iliyomo kwenye mchanga wa Kwale. Nataka kuipachika nitrojeni ili isafishe maji kwa mwanga wa kawaida wa jua, isingoje urujuanimno. Natumia programu ya Quantum ESPRESSO, na PBE, kanuni ya kukadiria jinsi elektroni zinavyoathiriana. Pengo la nishati, yaani nishati ya kuirusha elektroni kutoka bendi (ngazi) ya chini hadi ya juu, linatoka 1.9 eV, na vipimo vya maabara ni 3.0. Hesabu moja siku 11, na stima ikikatika naanza upya. Ninunue kompyuta au nibadilishe mada?

FundiTudor: Nunua betri, kompyuta baadaye. Mimi nahariri video za harusi. Stima ilipotea nikapoteza harusi nzima ya Majengo, bibi harusi akalia kuliko siku ya kuagwa kwao. Tangu hapo nahifadhi kila robo saa. Hata hiyo programu yako inaweza kuendelea ilipokatikia, soma maelezo yake.

BiMkubwa_Kisauni: Mwanangu, umekula? Wangu alipokuwa na tasnifu alikonda mpaka kanzu ikamwelea. Masomo hayakimbii.

Msumari: Kompyuta mpya itakupa 1.9 ileile, haraka zaidi tu. PBE ni ya 1996 na inajulikana kupunguza pengo: ndani yake kila elektroni inajisukuma yenyewe kidogo, hivyo elektroni hutandaa kupita kiasi. Msimamizi wako analijua hili. Basi Ijumaa unaogopa nini? Kuna jambo hujalisema.

MtotoWaLikoni: Mwezi uliopita nilimpelekea jedwali. Niliandika 3.0. Sikubuni, 3.0 ndiyo thamani ya kweli, iko vitabuni. Programu ndiyo inayokosea, mimi nimesahihisha. Ameshatuma muhtasari kwenye mkutano, na sasa anataka faili zenyewe.

MzeeWaGati: Nimepima mizigo bandarini miaka 22. Ukiandika uzito uliotarajiwa ukaacha uliosomwa kwenye mizani, kuna mtu atapita chini ya winchi akikuamini wewe.

PwezaNyali: Hii chai. Rutaili ina atomi 6: titani 2, oksijeni 4. Mashine ya kawaida inamaliza kwa dakika. Siku 11 zimetoka wapi? Huyu anatunga kisa.

BiMkubwa_Kisauni: Nimemwombea dua mtu asiyekuwepo?

FundiTudor: Nami nishamuulizia bei ya betri.

MtotoWaLikoni: Nipo mama, wallahi. Atomi 6 ni rutaili tupu. Nikitia nitrojeni moja humo nimebadilisha robo ya oksijeni yote. Ndiyo maana nimerudia kisanduku hicho cha atomi 6 mara 2×2×3: atomi 72, oksijeni 48, moja ndiyo nitrojeni. Na elektroni zimebaki witiri, moja haina mwenza, lazima nihesabu na spini (mzunguko wa elektroni, juu au chini). Kumbukumbu ya mashine ni GB 8. Grafu hiyo hapo.

Msumari: Nimeiona. Hesabu ni ya kweli. Hali za nitrojeni zimekaa juu kidogo ya ukingo wa bendi ya chini, ile ya oksijeni, na hapo ndipo ilipo kazi yako, wala si kwenye 3.0. Kuisogeza bendi ya juu kunakubalika, wataalamu huita mkasi, mradi uandike: nimehesabu 1.9, nimeongeza 1.1 kwa kufuata vipimo. Ulichoficha ni mstari huo mmoja.

MtotoWaLikoni: Si basi niuongeze kimya kimya kwenye rasimu? Nikimwambia sasa ataniona mwongo.

Msumari: Na muhtasari uliokwenda mkutanoni? Una jina lake pia. Mwambie kabla hajafungua faili.

PwezaNyali: Samahani ndugu, nilikudhania vibaya. Nina mashine ya GB 64 na jenereta. Lete faili, tutajaribu pia HSE06, kanuni nzito kuliko PBE, kwa zile atomi 6, hutoa pengo lililo karibu zaidi na vipimo. Lakini 1.9 ibaki kwenye jedwali.

BiMkubwa_Kisauni: Mpigie, usimwandikie. Mtu mzima husikia sauti.

MtotoWaLikoni: Nitampigia baada ya Magharibi. Niseme "nilikosea kuandika" au "niliibadilisha"?

MzeeWaGati: Uliibadilisha, mwanangu.

MtotoWaLikoni: Nimesikia, mzee.