Naomba ushauri: kupima zebaki na risasi (metali zenye sumu) kwenye maji ya kisima na samaki

Habari za saa hizi wakuu. Niko Nzega, Tabora. Kisima chetu kipo bondeni, na upande wa juu kuna makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mialo ya kuoshea dhahabu kwa zebaki. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu, yamelundikwa wazi. Mvua ikinyesha, tope linashuka hadi bwawani tunakovua kambale. Wengine wanasema tuchemshe, ila kuchemsha kunaua vijidudu tu, metali inabaki palepale.

Nataka kupeleka sampuli maabara. Kikomo cha WHO kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi kisichoonekana wala kuonjeka, na maji hutiwa asidi ya nitriki kidogo ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Sasa asidi hiyo mtu wa kawaida anaipata wapi, au maabara ndiyo hutoa chupa zikiwa tayari? Kwa zebaki nimeambiwa chupa ya plastiki ya kawaida haifai, itumike ya kioo. Kweli?

Na kambale je, nimpeleke mzima kwenye barafu au minofu tu? Aliyewahi kupima anitajie na gharama, maana mchango wa kitongoji ni mdogo. Wa "nunueni maji ya dukani" naomba apite tu.