Mrejesho: mafunzo ya kila mwaka kwa wasaidizi wa kliniki ya meno

Niliuliza kama kusoma mtandaoni pekee kunatosha kwa wasaidizi. Asanteni sana kwa majibu. Tumekubaliana nadharia isomwe mtandaoni, lakini utakasaji wa vifaa ufanywe kwa vitendo, msimamizi akiangalia. Hapo ndipo makosa huonekana: otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) inafika nyuzi joto 134 na kukaa hapo dakika 3 vizuri tu, ila vifaa vikirundikwa, au damu ikiwa imekaukia kwenye meno ya koleo, mvuke haugusi chuma. Pakiti ya vifaa ikitoka na unyevu, inarudiwa yote. Ufufuaji wa mtu ambaye moyo umesimama nao ni kwa vitendo, kwenye mdoli: mikandamizo 30 ya kifua, pumzi 2, kina cha mkandamizo sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Cheti kisichoonyesha tarehe, mada na saa za mafunzo hakiingii kwenye faili.