Dagaa wanapungua Kibirizi, ni uvuvi au ni joto?

MamaChanja: Habari zenu wadau, mi nanunua dagaa wa Ziwa Tanganyika hapa Kibirizi, Kigoma, naanika kwenye chanja, siku hizi mitumbwi inakesha na taa zake asubuhi inarudi na beseni chache tu, wengine wanasema makokoro wengine tabianchi, ukweli ni upi jamani?

wa_Ujiji: Vyote dada. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470 na rutuba imelala kule chini kwenye maji baridi, upepo wa kusini wa kiangazi ndo unaikoroga ipande juu, inaotesha mimea midogo, inaliwa na vidudu, vidudu vinaliwa na dagaa. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, chakula kinapungua. Tafiti za 2003 zilishaonyesha hilo.

KgmKwetu: Sawa ila nyavu za macho madogo nazo zinamaliza vichanga, 2024 ziwa lilifungwa Mei mpaka Agosti na mi naunga mkono kabisa japo hali ilikuwa ngumu.

MamaChanja: Asante kaka zangu. Ila wakifunga tena watuambie mapema tuweke akiba, sisi wa chanja hatuna mshahara.