Naomba ushauri: virusi vya BK havishuki baada ya kupunguza dawa

Habari za kazi wakuu. Mgonjwa ana miezi 5 tangu apandikizwe figo. PCR (kipimo cha kuhesabu virusi) ya BK, virusi vinavyoweza kuharibu figo lililopandikizwa, kwenye plazima ilitoka nakala 14,000 kwa mililita, wiki 3 baadaye 22,000. Kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) imepanda kutoka 110 hadi 128.

Kwenye dawa za kushusha kinga, tumeshusha maikofenoleti kutoka gramu 1 mara mbili kwa siku hadi miligramu 500 mara mbili. Kiwango cha takrolimasi, damu ikitolewa kabla ya dozi ya asubuhi, kimetoka 8.5 hadi 6 ng/ml. (Jibu moja tulilitupa: alishameza dawa ndipo akatolewa damu!) Prednisoloni iko palepale, miligramu 5.

Baada ya wiki 4 PCR ni 19,000, ila sampuli hii ilipimwa maabara nyingine, na tofauti ndogo hivyo haifiki hata nusu logi (yaani kama mara tatu). Kwangu mimi hapo hakuna kilichoshuka.

Je, tusimamishe maikofenoleti kabisa, au kwanza tushushe takrolimasi hadi 4–5? Na kwa kreatinini hii mngechukua kinyama cha figo sasa, kukipima kwa SV40 (rangi ya maabara inayoonyesha virusi vya BK ndani ya seli) na kuangalia kama mwili unalikataa figo, au mngerudia PCR kwanza kwenye maabara ileile ya awali?