Gredi ya 10: mkondo wa Sanaa na Michezo, au STEM halafu sanaa ibaki klabuni?

Mama_Mikindani
Wazazi wenzangu, mwanangu yuko Gredi ya 9 hapa Kenya na shule inataka tujaze fomu ya mkondo wa masomo atakaofuata sekondari ya juu. Yeye kang'ang'ania Sanaa na Sayansi ya Michezo. Babake anasema STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sanaa atafanyia klabuni. Mnashauri lipi?

Ticha_Chaki
Dada, hujatuambia hata nusu. Sanaa gani? Mkondo huo una muziki na densi, uigizaji na filamu, uchoraji, na michezo. Hesabu anaiwezaje? Na shule mnayoilenga inafundisha masomo hayo kweli? STEM kila shule ya sekondari ya juu inatakiwa iwe nayo, sanaa sivyo.

Baba_Wawili
STEM, mjadala umeisha. Serikali yenyewe ililenga asilimia 60 ya wanafunzi waende huko, sanaa na michezo 15 tu. Mnadhani waliota?

Sauti_ya_Pili
@Baba_Wawili hayo ni makadirio ya taifa zima. Mtoto wa mwenzio anakuhusu nini wewe na asilimia zako? Anayependa sanaa mpeni sanaa.

Kinanda_Kibovu
Pole pole jamani, mimi ni yule aliyeumwa na nyoka. Binti yangu alichukua Muziki enzi za mfumo wa zamani wa 8-4-4, tena shule yenye jina. Alipofika kidato cha tatu mwalimu akahamishwa, muhula mzima hakuletwa mwingine. Kinanda kilikuwa kimoja, kimefungiwa ofisini kwa naibu mwalimu mkuu. Wasichana wakachora vitufe kwa chaki juu ya dawati, wakawa wanazoeza vidole bila sauti! Na KCSE ya Muziki, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ina karatasi ya kusikiliza: unachezewa mdundo au lahani, unaandika noti papo hapo. Sikio halijazoezwa, litaandika nini? Ikabidi kila likizo nimlipe mwalimu wa kwaya ya kanisani amfundishe. Alipita, ila mfuko wangu najua mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, nenda shuleni kwa miguu yako, uone chumba na vifaa, uulize mwalimu kaajiriwa na TSC (tume ya walimu ya serikali) au na bodi ya shule. Wa bodi anaweza kuondoka kesho.

Mama_Mikindani
Samahani, nilikuwa kazini. Ni uigizaji. Alifika ngazi ya kaunti na mchezo wa shule. Hesabu ni wastani tu. Shule ya karibu ni ya kutwa, ina STEM na Sayansi ya Jamii. Yenye sanaa ni ya bweni, mbali.

Ticha_Chaki
Aa, hilo ndilo ungeanza nalo! Hapo mnachagua kati ya bweni na kutwa. Tamasha za drama za shule zipo tangu 1959 na hazijawahi kumuuliza mtoto kama anasoma fizikia. Akiwa STEM, jioni atafanya mazoezi na wenzake kama kawaida. Shida ni muhula wa tamasha: mwenye maabara anakosa vipindi vingi kuliko mwenzake wa sanaa, na walimu wa sayansi hawana huruma. Halafu asidhani atakimbia hesabu. Walio nje ya STEM nao wanaisoma, ila nyepesi.

Baba_Wawili
Tamasha hizo hizo ambako polisi walirusha vitoa machozi pale Nakuru, Aprili 2025, kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa shule ya Butere?

Sauti_ya_Pili
Mahakama Kuu ilishaamuru waruhusiwe kuigiza. Walaumu waliorusha, usiwalaumu watoto.

Baba_Wawili
Sijamlaumu mtoto. Nasema mzazi ajue anakoingia.

Ticha_Chaki
Siasa pelekeni jukwaa lake, tafadhali.

Mbongo_Halisi
Majirani, huku kwetu Tanzania anamaliza kidato cha nne kisha anaenda Bagamoyo, TaSUBa, chuo cha sanaa. Chuo kipo tangu 1981: ngoma, maigizo, muziki, uchoraji, vyote. Asome sayansi zake kwanza, Bagamoyo haihami.

Sauti_ya_Pili
Miaka mitatu ya kumsubirisha mtoto, atakuwa kashapoa. Hata Kenyatta University wanafundisha tamthilia, ila anayeingia akiwa na msingi ana raha yake.

Mama_Mikindani
Babake kasoma yote haya, kasema "umeona?" Mtoto naye kasoma, kasema hivyo hivyo.

Kinanda_Kibovu
@Mama_Mikindani hiyo ya bweni iko kaunti gani? Nitumie jina inboksi, usiliandike hapa.