Mjadala: Moshi wa mbu saa mbili asubuhi, na nyuki je?

Mleta mada

Wakuu, nina mizinga saba chini ya miembe, huku pembezoni mwa Dar upande wa Pwani. Majuzi vijana wa kupuliza dawa ya mbu walipita mtaani saa mbili asubuhi na mashine za mgongoni. Hakuna aliyeambiwa, na miembe ilikuwa imechanua. Jioni nikakuta nyuki wametapakaa mbele ya mizinga minne, wengine bado wanajizungusha chali, ulimi nje, chavua ya njano ingali miguuni. Kesho yake asubuhi sisimizi walikuwa washaanza kubeba.

Sipingi mbu kuuawa. Dengi niliugua 2019, ile homa naijua mpaka kwenye mifupa. Ninachopinga ni moshi wa asubuhi maua yakiwa wazi, tena bila tangazo. Dawa nyingi za moshi, akina permethrini na deltamethrini, ni binamu wa kiwandani wa pareto tunayolima Nyanda za Juu Kusini. Hazijui huyu mbu, huyu nyuki.

Mchangiaji, Temeke

Pole sana mkuu. Ila unasahau jambo moja: mbu wa dengi si wa malaria. Huyo wa dengi, Aedes, anauma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea magharibi. Ukimpulizia saa sita usiku, yeye kajificha nyuma ya pazia au chini ya kitanda, umepoteza dawa. Mwaka huo huo unaousema wagonjwa walipita 6,000 nchini, wengi hapa hapa Dar. Mtoto wangu akilazwa, sitauliza habari za asali.

Mleta mada

Hapo umenisaidia. Kama kajificha nyuma ya pazia, moshi unaopulizwa barabarani unamfikiaje? Unapeperuka, unaua aliyekuwa hewani saa ile, na huyo mara nyingi ni nyuki. Viluwiluwi kwenye tairi la nyuma ya gereji viko salama salimini, na baada ya wiki moja hivi ni mbu kamili.

Kibaha pale kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinatengeneza dawa ya viluwiluwi kwa bakteria. Ile inamwagwa majini, kiluwiluwi anaila, inamchana utumbo. Nyuki haimgusi. Mwaka 2017 hayati Magufuli alifika kiwandani akaagiza halmashauri zikainunue. Sasa kwa nini mtaani kwetu tumeanzia kwenye moshi?

Mchangiaji, Temeke

Kwa sababu moshi unaonekana! Mwenyekiti akipita na mashine inayonguruma, wananchi wanasema kazi inafanyika. Nani atampigia makofi aliyeinamia chemba na dumu la dawa? Halafu hiyo ya viluwiluwi unairudia kila wiki moja au mbili, bajeti ikikatika umerudi ulikotoka. Isitoshe Aedes anataga kwenye ndoo, vifuu, vyungu vya maua. Utaingia nyumba ya kila mtu?

Mchangiaji, Tabora

Wenye mizinga nasi tuna lawama. Mleta mada, serikali ya mtaa ilijua una nyuki? Wengi tunawaficha, tunaogopa majirani.

Marekani, kaunti ya Dorchester, South Carolina, Jumapili ya tarehe 28 Agosti 2016, ndege ilimwaga naled, dawa ya kuua mbu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa hofu ya Zika, ugonjwa mwingine wa Aedes. Shamba moja lenye mizinga 46 lilipoteza nyuki zaidi ya milioni 2. Tangazo lilitolewa, lakini wapo wafugaji ambao hawakupigiwa simu. Ukiambiwa jana yake, unafunika mizinga kwa magunia mabichi kabla hawajatoka, dawa ikishatulia unafunua. Usiwafungie kutwa nzima tu, kwa joto la huko Pwani utawaua wewe mwenyewe.

Mleta mada

Kweli, mjumbe hakujua. Hilo nalibeba.

Na wewe wa Temeke nakupa nusu. Mlipuko ukiwepo, pulizeni, lakini jioni jua likikaribia kuzama: Aedes bado yuko kazini, nyuki wangu wengi washarudi. Na mkipuliza ndani ya nyumba, kwenye hayo mapazia, sina neno hata mchana, mradi madirisha yafungwe.

Mchangiaji, Temeke

Saa kumi na mbili jioni vijana watadai posho ya ziada, utaona. Ila nakubali. Na tangazo lipite msikitini na kanisani pia, si WhatsApp tu. Mama yangu simu yake ni ya tochi.

Mleta mada

Kikao cha mtaa ni Jumatano. Napeleka mawili: saa ya jioni, na daftari la wenye mizinga kwa mjumbe. La ndoo na vifuu bado sina jibu, na mizinga minne haijatulia. Mmoja naona malkia hayupo. Mwenye kundi la kugawa upande huu anishtue.