Kundi la ukoo, Mikindani: diski ya picha za Babu

Mama Somoe, saa 1:12 usiku
Hamjambo wanangu. Arobaini ya Babu ni Ijumaa na picha bado. Diski aliyoleta Mjomba kutoka Newala haifunguki kwa Somoe.

Somoe
Shikamoo Mjomba. Laptopu yangu inatumia mfumo wa Ubuntu, aina ya Linux. Nikibofya folda ya picha inaandika Permission denied, yaani sina ruhusa. Nimeogopa, nikaacha hapohapo.

Mjomba
Marahaba mwanangu. Kwenye kompyuta ya nyumbani inafunguka vizuri, na yenyewe ni Linux. Diski haijaanguka hata mara moja.

Issa
Piga chmod 777 diski nzima, yaishe.

Kaka Hamisi
Hapana Issa. Hiyo inamfungulia kila mtu, asome, aandike, afute. Na nakala ndiyo hii moja tu. Somoe, fungua terminali, andika
ls -ln /media/somoe/PICHA
halafu id. Ya kwanza inaonyesha namba ya mwenye kila folda, ya pili namba yako. Tuma unachokiona.

Somoe
Folda mbili.
drwx------ 1001 1001 picha
drwx------ 1000 1000 sauti
Mimi uid=1000.

Kaka Hamisi
Basi diski haijaharibika. Imeumbizwa kwa ext4, mpangilio wa Linux wa kuhifadhi faili, na ext4 haiweki jina la mwenye faili, inaweka namba yake. Mjomba kule kwake ni 1001. Wewe kwenye laptopu yako ni 1000, ndiyo namba Ubuntu inayompa mtu wa kwanza. Kwa hiyo unahesabiwa mgeni, na hiyo drwx------ inamruhusu mwenyewe tu.

Mjomba
Mimi diski naihitaji tena Newala. Msije mkanifungia.

Kaka Hamisi
Ndiyo maana hatubadilishi mwenye diski, Mjomba. Tunachukua nakala, nakala ndiyo tunamkabidhi Somoe:
sudo cp -a /media/somoe/PICHA/picha ~/
sudo chown -R somoe: ~/picha
Mstari wa kwanza unanakili, wa pili unakufanya wewe mwenye nakala; sudo ni kutumia mamlaka ya msimamizi. Hiyo -a inatunza tarehe za picha. Usiruke mstari wa pili, nakala nayo inakuja na 1001.

Somoe, saa 1:41
Zimefunguka zote! Ila flashi ya kupeleka studio Chikongola inakataa. Nimepiga chown, inasema Operation not permitted.

Kaka Hamisi
Ni exFAT hiyo, mpangilio mwingine wa faili, haina mahali pa kuandika mwenye faili. Mwenyewe anatajwa wakati wa kuipachika (mount), yaani kuiunganisha na mfumo. Uliipachika kwa sudo mount?

Somoe
Ndiyo, kwenye /mnt.

Kaka Hamisi
Ikawa ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Piga sudo umount /mnt, ichomoe, ichomeke tena, iache Ubuntu iipachike yenyewe. Itakuwa yako.

Somoe
Imekubali. Zinaingia. Kaka, na ile folda ya sauti?

Kaka Hamisi
Ile ina 1000, namba kama yako. Ibofye tu. Mjomba, nani alisajiliwa wa kwanza kwenye kompyuta ile?

Mjomba
Marehemu mwenyewe. Mimi nilifuata.

Somoe, saa 2:03
Imefunguka bila kuuliza. Ni Babu, anasimulia jando lake, Kimakonde kitupu. Dakika 40.

Mama Somoe
Usiitume hapa kwanza. Nakuja.